Usomee nini chuoni ili utengeneze roketi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wa sekondari, wazazi wao, na wahitimu wachache wenye shahada tayari wanaotaka kugeuza njia. Yana namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu. Ukiona "tazama swali la 4", nenda huko. Jibu lako liko pale.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuna kozi ya "sayansi ya roketi"?

Karibu hakuna. Hakuna shahada ya Daraja la Kigamboni pia. Kuna uhandisi ujenzi, na wahandisi ujenzi ndio waliojenga daraja. Roketi ni vivyo hivyo. Wanaoitengeneza walisomea mitambo, umeme, programu za kompyuta, kemia, vifaa au hisabati, wakakutana kiwandani.

Kabla hujasonga mbele, tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: roketi, setilaiti na mwanaanga. Roketi ni lori. Setilaiti ni mzigo. Mwanaanga ni abiria. Huku kwetu Afrika Mashariki karibu kazi yote ya anga za juu ni ya mzigo na ya data inayotoka kwenye mzigo huo. Ukisema "nataka roketi" huku moyoni unataka setilaiti, utachagua fani isiyo yako.

2. Roketi moja inahitaji watu wa fani gani?

Tazama zilizoharibika. Roketi ikifika salama, hakuna anayemuuliza fundi wa mpira alifanya nini.

Januari 28, 1986, chombo Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Pete ya mpira iliyoziba kiungo cha roketi ya pembeni ilikuwa imekakamaa kwa baridi, ikapitisha gesi ya moto. Hilo ni suala la sayansi ya vifaa na uhandisi mitambo, na pia la uongozi, kwa sababu wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia.

Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5 ya kwanza, ililipuka chini ya dakika moja tangu iruke. Chuma hakikuwa na kosa. Sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, na roketi mpya ilipokwenda kwa kasi kubwa zaidi, namba moja ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Kompyuta ikachanganyikiwa, roketi ikapinda vibaya. Hiyo ni kazi ya watu wa kompyuta.

Mwaka 1999 chombo Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Ukikatwa alama kwenye mtihani kwa kusahau kizio, mwalimu hakuonei. Na Juni 2015 Falcon 9, roketi ya kampuni ya Marekani SpaceX, ilipotea angani kwa sababu ya kishikizo kimoja cha chuma ndani ya tangi la oksijeni, kilichokuwa kimeshika chupa ya heliamu. Kilikatika kwa uzito mdogo kuliko ule kilichoandikiwa kubeba.

Mpira, namba, kizio, kishikizo. Kila kimoja kina fani yake, na hakuna mtu mmoja aliyesomea vyote vinne.

3. Kwa nini roketi husemwa kuwa ngumu kuliko mashine nyingine?

Kwa sababu ya hesabu moja, aliyoichapisha Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule nchini Urusi, mwaka 1903. Ifanye mwenyewe kwa kikokotoo.

Kukaa kwenye obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka dunia isiyo mbali sana na ardhi, kunataka mwendo wa kama kilomita 7.8 kwa sekunde. Ongeza unaopotea kwa kupambana na mvutano wa dunia na hewa, unafika kama 9.4. Gesi ya injini inayochoma mafuta ya taa hutoka kwa kama kilomita 3.3 kwa sekunde ikiwa juu, nje ya hewa. Gawa 9.4 kwa 3.3, unapata 2.85. Chukua namba e, ambayo ni kama 2.718, ipandishe kwa kipeo hicho, unapata kama 17. Maana yake, kati ya kila tani 17 zinazoondoka ardhini, 16 ni mafuta na oksijeni. Tani moja iliyobaki ndiyo matangi, injini, nyaya, kompyuta, na mzigo wa mteja.

Ndiyo sababu roketi hujengwa kwa hatua na kutupa matangi matupu njiani. Falcon 9 ina uzito wa kama tani 549 ikiondoka, na inaweza kufikisha kama tani 22.8 kwenye obiti ya chini. Kila mhandisi pale anagombania kilo. Ukiipenda hesabu hii hata kabla hujaielewa vizuri, endelea kusoma. Ikikuchosha, tazama swali la 19.

(Ndiyo, ni mafuta ya taa kweli. Yamesafishwa zaidi, lakini ni ndugu wa yale ya kibatari.)

4. Nikitaka jibu moja tu, nisomee nini?

Uhandisi mitambo.

Najua wengi hawalipendi jibu hili kwa sababu halina neno "anga" ndani yake. Lakini fungua injini ya roketi utazame: pampu, turbini, vali, bomba, chumba cha kuchomea, nozeli. Upande mmoja kuna haidrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi hasi 253 za Selsiasi, na hatua chache kutoka hapo kuna moto wa zaidi ya nyuzi 3,000. Joto, mgandamizo, mtikisiko, uchovu wa chuma: ndiyo mitaala ya uhandisi mitambo mwaka wa pili na wa tatu. Tom Mueller, aliyeongoza utengenezaji wa Merlin, injini ya Falcon 9, alisomea uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Idaho. Gwynne Shotwell, rais wa SpaceX, ana shahada ya uhandisi mitambo na ya pili ya hisabati tumizi.

Sababu ya pili ni ya tumbo. Mhandisi mitambo asipopata roketi anapata turbini za gesi Kinyerezi, za mvuke Olkaria, au za maji kule Bwawa la Julius Nyerere. Turbini inayozungusha pampu ya roketi ni ndugu wa hizo, ila ndogo na yenye hasira. Miaka mitatu kwenye turbini ya umeme haikupotezei njia ya roketi. Miaka mitatu ukisubiri ajira nyumbani ukiwa na cheti chenye jina zuri inakupotezea.

## Kuchagua fani

5. Uhandisi wa anga si ndio wenyewe?

Ndio, penye chuo kinachoufundisha kwa vitendo. Una mwendo wa hewa, miundo miepesi, udhibiti, obiti na injini, vyote katika shahada moja. Mwanafunzi wa mitambo atalazimika kujifunza obiti peke yake au kwenye shahada ya pili.

Maswali mawili ya kuuliza chuo kabla hujaweka namba ya kozi kwenye fomu. La kwanza: kuna handaki la upepo, benchi la kujaribia injini, au angalau karakana inayofanya kazi? La pili: kozi imetambuliwa na bodi ya wahandisi, yaani EBK Kenya au ERB Tanzania? Jibu likiwa "tuko mbioni kutambuliwa", chukua mitambo pale pale jirani. Shahada ya uhandisi usiyoweza kusajiliwa nayo ni hasara ya miaka minne au mitano.

Angalia pia kama kozi ni ya ndege tu. Uhandisi wa ndege hugusa mabawa na injini zinazovuta hewa. Roketi hubeba oksijeni yake. Mengi yanafanana, si yote.

6. Umeme, kompyuta, au mekatroniki je?

Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka kugusa kitu kitakachoruka kweli, pengine hii ndiyo njia fupi kuliko zote, kwa sababu setilaiti ni umeme kutoka juu hadi chini: paneli, betri, redio, kompyuta, sensa. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018, ni kiboksi cha sentimita 10 kila upande. RWASAT-1 ya Rwanda ilifuata 2019, PearlAfricaSat-1 ya Uganda 2022, na Taifa-1 ya Kenya ikapanda Aprili 15, 2023 ndani ya Falcon 9.

Na kuna kisa ambacho Waswahili tunapaswa kukijua. Desemba 12, 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Meneja wa mradi huo NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa Marjorie Townsend, na shahada yake ilikuwa ya uhandisi umeme, mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Wasichana wanaouliza kama kuna nafasi yao: jibu lilitolewa hapa hapa pwani kabla mama zenu hawajazaliwa.

Mekatroniki, yaani mitambo, umeme na kompyuta pamoja, ni mchanganyiko mzuri ukiwa na chuo chenye karakana. Udhaifu wake ni kwamba unagusa kila kitu kidogo. Chagua upande mmoja mapema, uzame.

Sayansi ya kompyuta tupu inafaa kwa programu za kuongoza roketi, lakini ongeza fizikia na udhibiti wa mifumo. Kujua kutengeneza tovuti hakutoshi.

7. Fizikia au hisabati tupu, bila uhandisi?

Inawezekana. Robert Goddard, aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika Machi 16, 1926, alikuwa mwanafizikia. Katherine Johnson alihitimu hisabati na Kifaransa mwaka 1937, akafundisha shule, kisha akiwa NASA akakokotoa njia ya safari ya mwanaanga Alan Shepard ya 1961 na kuhakiki kwa mkono hesabu za kompyuta za safari ya mwanaanga John Glenn mwaka 1962. (Wanaosema lugha na sayansi haziketi meza moja wamtazame huyo.)

Tahadhari ni hii: mwenye shahada ya kwanza ya fizikia huajiriwa roketini akiwa na shahada ya pili, au akiwa na kitu alichokijenga. Mhandisi anaweza kuingia na moja. Ukiwa na uhakika wa kusoma hadi uzamili, fizikia ni msingi imara sana. Ukiwa na wadogo wanaokusubiri umalize uwalipie ada, tazama swali la 4.

8. Kemia na uhandisi wa vifaa?

Fani mbili zinazosahaulika. Mtu wa kemia anashughulika na mafuta yenyewe: yanavyowaka, yanavyohifadhiwa, yanavyokula tangi. Mtu wa vifaa anajibu kwa nini kishikizo cha swali la 2 kilikatika. Waombaji ni wachache kuliko wa mitambo, na kazi ni nyingi hata nje ya roketi, kuanzia saruji hadi migodi.

9. Nimepata nafasi ya urubani, au ya matengenezo ya ndege. Itanifikisha?

Urubani hapana. Ni kazi nzuri, lakini haikufundishi kubuni chombo.

Matengenezo ya ndege ni suala jingine. Kozi hizi, kama za Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) Dar es Salaam, zimeundwa kukupa leseni ya kuhudumia ndege: unafuata kitabu cha mtengenezaji, hatua kwa hatua, na unasaini kwa jina lako. Nidhamu hiyo inathaminiwa sana penye roketi. Ila hesabu za kubuni utakuwa huna, na shahada nyingi za uzamili za anga zitakuuliza kalkulasi uliyosoma. Wengi huchanganya kozi hii na uhandisi wa ndege wa swali la 5 kwa sababu zote zina neno "ndege". Soma orodha ya masomo, usisome jina.

10. Astronomia?

Inachunguza nyota. Haijengi chombo cha kuzifikia. Ni elimu ya heshima, lakini si hii.

## Kabla hujafika chuo

11. Nichukue tahasusi gani?

Tanzania, PCM (fizikia, kemia, hisabati) bila kusita. PGM (fizikia, jiografia, hisabati), na ile ya fizikia, hisabati na kompyuta, pia hufungua milango mingi ya uhandisi. Linganisha na kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka wako. Uganda, PCM vilevile. Kenya, kwa KCSE, alama za hisabati, fizikia na kemia ndizo zinazobeba uzito kwenye mgawanyo wa KUCCPS. Walio kwenye mtaala mpya wachague mkondo wa STEM, na fizikia isiachwe.

Walio PCB (fizikia, kemia, baiolojia) huuliza kila mwaka. Hisabati tumizi ya msingi mnayosoma si ile hisabati ya juu inayotakiwa na vitivo vya uhandisi. Njia iliyobaki ni stashahada ya ufundi chuo kama DIT, kisha shahada, au kurudia mtihani wa hisabati ya juu kama mtahiniwa binafsi. Zote ni ndefu. Zote zimepitiwa na watu.

12. Hisabati yangu ni ya wastani. Niache?

Wastani wa namna gani? Kuna anayepata C kwa sababu hakufundishwa vekta hadi wiki mbili kabla ya mtihani, shule haikuwa na mwalimu. Huyo asiache. Kuna anayepata B kwa kukariri njia za maswali yaliyopita, swali likigeuzwa kidogo anakwama. Huyo ana kazi kubwa kuliko wa C, ingawa cheti kinasema kinyume.

Utakutana na kalkulasi, milinganyo yenye viwango vya mabadiliko, matriki na vekta kila siku kwa miaka minne. Huhitaji kuwa wa kwanza darasani. Unahitaji kuweza kukaa na swali moja jioni nzima bila kutazama jibu nyuma ya kitabu. Hilo hujifunzwa, na muda wake ni ile miezi ya kusubiri matokeo ambayo wengi huimaliza kwenye simu.

13. Nijenge roketi nyumbani?

Ya maji na chupa ya plastiki, ndiyo. Pampu ya baiskeli, mapezi ya kadibodi, uwanja wazi, na macho yamekingwa. Pima inaenda juu kiasi gani ukibadilisha kiasi cha maji, andika kwenye daftari. Daftari hilo lina thamani kuliko picha. Ongeza OpenRocket, programu ya bure ya kubuni roketi ndogo kwenye kompyuta, na Python, lugha ya kuandikia programu, ya kufanyia hesabu za swali la 3.

Ya kuchanganya kemikali jikoni, hapana. Inakata vidole, na penye sheria za vilipuzi polisi hawataulizia ndoto zako. Wanafunzi wa mradi wa Nakuja pale JKUAT, Kenya, wanaofanya roketi za mafuta makavu, wanafanya hivyo chini ya chuo, wakiwa na wahadhiri na eneo la majaribio. Tafuta kikundi cha namna hiyo, usiwe na kikundi cha mtu mmoja.

## Usome wapi

14. Vyuo gani hapa nyumbani?

Mitambo na umeme: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, JKUAT. Mekatroniki: JKUAT na Dedan Kimathi. Uhandisi wa ndege uko Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, na wa anga Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vigezo vya kuchagua viko swali la 5.

Maoni yangu: chuo chenye karakana inayofunguliwa hadi saa tatu usiku ni bora kuliko chenye jina. Nenda siku ya kawaida, si siku ya maonyesho, utazame kama mashine zina vumbi au zina mafuta.

15. Na nje ya nchi?

Shahada ya kwanza isomwe nyumbani, ya pili nje. Ufadhili wa uzamili ni mwingi kuliko wa shahada ya kwanza, na utakuwa umeshajua unachokitaka.

Karibu zaidi ni Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits) kina shahada ya uhandisi wa ndege. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kina kikundi cha roketi za Phoenix, na Machi 2021 roketi yao moja ilifika kilomita 17.9 kutoka uwanja wa Overberg. Chuo cha Ufundi cha Cape Peninsula ndiko zilikotoka setilaiti za ZACube. Anayetaka roketi yenyewe, si setilaiti, aiweke KwaZulu-Natal juu ya orodha yake.

Japani, Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu imewalea wahandisi wa nchi nyingi ambazo hazikuwa na setilaiti. Waganda watatu walioijenga PearlAfricaSat-1 walikuwa huko. Kuna ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, na mwingine unaoendeshwa pamoja na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya setilaiti ndogo. Italia, Chuo Kikuu cha Sapienza ndicho kilichoshirikiana na Nairobi kwenye 1KUNS-PF, na ndicho alichofundisha Luigi Broglio, aliyeanzisha kituo cha Malindi. Ujerumani, Stuttgart ni jina kubwa kwenye anga. Jimbo lake linatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo usiende ukiamini kila chuo cha Ujerumani ni bure.

16. Nikisomea Marekani nitaajiriwa NASA au SpaceX?

Hili ndilo swali ambalo watu hulijua jibu lake wakiwa mwaka wa nne, wamekwisha kulipa. Lijue leo.

Marekani inahesabu teknolojia ya roketi kama silaha. Sheria iitwayo ITAR inazuia kumwonyesha michoro na data hizo mtu asiye "mtu wa Marekani" bila kibali maalumu cha serikali, na kampuni nyingi haziko tayari kuhangaika na kibali. "Mtu wa Marekani" ni raia, mwenye ukaazi wa kudumu, aliyepokewa rasmi kama mkimbizi, au aliyepewa hifadhi. Mwenye viza ya mwanafunzi hayumo, hata awe na alama za juu kuliko wote. Watumishi wa moja kwa moja wa NASA, kwa kawaida, lazima wawe raia. Shirika la anga la Ulaya nalo huajiri hasa raia wa nchi wanachama.

Haimaanishi usiende. Maana yake uende ukijua, na ukiwa na fani inayokubalika nje ya roketi, ambayo tumekwisha kuitaja kwenye swali la 4 na la 6. Aliyekwisha kupata kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, yuko kundi jingine kabisa.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mimi ni Mkongo, nililetwa Marekani kama mkimbizi. Nami nimefungiwa?

Hapana, soma tena swali la 16. Uliyepokewa rasmi kama mkimbizi, kwa sheria hiyo, umo. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili Texas, Ohio au Arizona hatulijui hili, na baadhi ya waajiri nao hufanya kama hawalijui. Agosti 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki SpaceX ikidai iliwabagua wakimbizi na wenye hifadhi katika ajira. Februari 2025 ikaiondoa kesi hiyo. Kazi zinazohitaji kibali cha siri za serikali zinabaki za raia. Anza chuo cha jamii, ambako ada ni ndogo, maliza kalkulasi yote na fizikia, kisha hamia chuo kikuu cha jimbo.

18. Nina miaka 33, nina shahada ya ualimu wa fizikia na hisabati. Nimechelewa?

Una nusu ya kazi tayari. Usirudie shahada ya kwanza. Tafuta uzamili wa hisabati tumizi, fizikia tumizi, au mifumo ya setilaiti unaopokea watu wa sayansi, na uingie kupitia hesabu za obiti au data. Kabla ya hapo jenga kitu kimoja cha kuonyesha. Katherine Johnson wa swali la 7 alikuwa mwalimu, na alianza kazi hiyo akiwa na miaka zaidi ya 30.

19. Sipendi hesabu, lakini napenda roketi.

Kuna sheria za anga za juu, ambazo msingi wake ni mkataba wa 1967. Kuna bima, ununuzi, uandishi wa habari, sera. Shirika la Anga la Afrika lina makao yake Cairo na litahitaji wanasheria na wachumi wanaoelewa wahandisi wanasema nini. Soma sheria au uchumi vizuri, na usome roketi pembeni.

20. Mimi ni mchomeleaji, nimetoka VETA.

Fani yako inahitajika kuliko unavyodhani. Starship ya SpaceX imejengwa kwa chuma kisichoshika kutu, mapande yaliyounganishwa kwa kuchomelewa. Tangi lenye kiungo kibovu ni bomu, kwa hiyo mchomeleaji wa kiwango cha juu na anayekagua viungo kwa eksirei huheshimiwa kiwandani. Chukua vyeti vya kimataifa vya uchomeleaji wa argoni. Kikwazo cha swali la 16 kinakuhusu pia, lakini mabomba ya gesi na mafuta hayana kikwazo hicho, na huko ndiko mkono unakokomaa.

21. Mwanangu ameng'ang'ania roketi. Mimi mzazi nimkatalie?

Mzee wangu, mama yangu, msimkatalie, mwelekezeni fani. Mtoto aliyesoma mitambo au umeme kwa sababu ya roketi atasoma kwa bidii kuliko aliyelazimishwa, na mwisho wa siku cheti ni kile kile. Mtakaposikia "uhandisi wa anga" kwenye chuo msichokijua, ndipo mkaze, na maswali ya kumuuliza yako namba 5.

22. Kongo iliwahi kurusha roketi, kweli?

Kweli, ingawa hazikuwa za Wakongo. Kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya Lutz Kayser, ilikodishiwa eneo kubwa sana Shaba, yaani Katanga, na ikafanya majaribio matatu kati ya 1977 na 1978. Wazo lake lilikuwa kufunga mabomba mengi ya bei nafuu yanayofanana kuwa roketi moja. Siasa za majirani na mataifa makubwa zikaufunga mradi. Shida kubwa ya Kayser haikuwa ya uhandisi. Ilikuwa ya ramani.

23. Roketi zitarushwa tena Malindi? Nisomee nini nikitaka kufanya kazi pale?

Ya mwisho ilipaa Machi 1988, roketi ya Scout ya mafuta makavu, kama zote zilizorusha setilaiti kutoka pale kabla yake. Mahali penyewe ni pazuri: nyuzi kama 3 kusini ya ikweta, bahari wazi upande wa mashariki, na dunia inakusukuma bure kwa karibu mita 465 kila sekunde. Jukwaa halirushi tena, lakini kituo cha nchi kavu kinaendelea kupokea mawimbi ya setilaiti na kufuatilia roketi zinazopita juu. Anayetakiwa pale leo ni mtu wa antena, redio na data, kwa hiyo ni swali la 6. Kiitaliano kidogo hakitakudhuru, na Malindi si vigumu kupata wa kukufundisha.